Mhariri, kabla hatujauziwa betri nyingine tupimiwe alteneta kwanza

Mhariri, habari za kazi, na kama umenizidi umri basi shikamoo. Mi ni fundi umeme wa magari hapa Morogoro, gazeti lenu tunalisoma kwa muuza chai wetu na ukurasa wa magari ndo huwa tunagombania. Juzi mmemjibu msomaji mwenye Corolla ya zamani, analalamika asubuhi gari haiwaki mpaka isukumwe, mkamwambia betri imechoka anunue mpya. Inawezekana. Ila mwenyewe kaandika kabisa kwenye swali lake kuwa hiyo betri ni ya pili ndani ya mwaka mmoja, sasa hapo mlitakiwa mumuulize hiyo gari inachaji au haichaji, manake akinunua ya tatu na hiyo itakufa vilevile na pesa yake imeenda.

Betri kazi yake kubwa ni kuzungusha stata, ile mota ya kuwashia injini asubuhi. Gari ikishawaka, alteneta, yani jenereta ndogo inayozungushwa na injini, ndo inalisha kila kitu, taa, plagi, pampu ya mafuta, feni ya AC, redio, alafu inairudishia betri kile ilichokopesha wakati wa kuwasha. Alteneta ikidhoofika betri inakopesha hailipwi, kila siku inalala na upungufu, na betri ya asidi ikikaa muda mrefu bila kujaa inaharibika kweli, yani mwisho wa siku fundi anapima betri anakuta mbovu na wala hakudanganyi, ni mbovu. Kilichoiua ndo bado kimefungwa pale kwenye injini kinasubiri nyingine.

Kupima hiki kitu hakuhitaji kompyuta. Tester ya kawaida ile ya fundi redio inatosha, iweke kwenye volti 20 za DC. Asubuhi kabla hujawasha chochote, betri iliyojaa inasoma kama 12.6, ikiwa 12.0 jua imekaribia kuisha. Washa gari, pima tena palepale kwenye vichwa vya betri, hizi gari nyingi za Kijapani za miaka ya tisini inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Sasa mtwike mzigo, washa taa full, feni ya ndani mwisho, AC, wipa, pandisha mafuta kidogo. Ikibaki juu ya 13 na nusu hiyo alteneta bado mzima, kalale. Ikigoma pale kwenye 12 na kitu na inazidi kushuka, basi unatembelea betri tu. Na ikipanda juu ya 15 usifurahi, hapo regyuleta, kile kidhibiti cha volti za alteneta, haizuii tena, betri inachemka, maji yanakauka, ukifungua boneti unasikia harufu ya yai viza.

Ombi langu kwa wenye magari ni hilo tu, mwambie fundi nionyeshe namba. Kama hana tester, kaka, huyo anabahatisha, na anabahatisha kwa hela yako. Najua mafundi wenzangu watanichukia kwa hili, ila kuna watu hapa mjini wanauza betri kama njugu na tester hawana, na ukiwauliza wanakwambia mimi nasikiliza kwa sikio.

Alafu kuna hii ya kuvua temino ya betri gari ikiwa inaunguruma, eti ikizima alteneta mbovu, isipozima nzima. Hii nimeiona imependekezwa hata kwenye ukurasa wenu mwaka huu huu. Mhariri, tafadhali. Hiyo ilikuwa ya zama za Peugeot 504 na Datsun za kabureta, gari haina hata chembe ya kompyuta, wazee wetu walifanya na gari zikaendelea na safari. Corolla ya sindano za mafuta ina kontroli boksi, yani kompyuta ya injini. Betri ikiwa imefungwa inasaidia kumeza ule umeme unaoruka, ukiivua ghafla wakati alteneta inasukuma ampea nyingi, volti zinaweza kuruka mpaka makumi kadhaa, hata kukaribia 100, kwa nukta ya sekunde tu lakini inatosha kuchoma dayodi za alteneta yenyewe (vigeuza umeme vyake, nitavieleza chini), redio, na hiyo kontroli boksi ambayo bei yake inaweza kupita alteneta mara kadhaa. Unaleta gari haichaji unaondoka nayo haiwaki kabisa. Na jibu lenyewe halina maana, manake alteneta iliyochoka nusu inaweza kushikilia injini isizime na bado haiwezi kujaza betri.

Dalili huwa zinakuja mapema ila watu wanazizoea. Alikuja mama mmoja mwalimu na Carina yake, anasema fundi hii gari usiku nikiwa kwenye foleni pale Msamvu taa zinafifia, nikikanyaga mafuta zinarudi, nimeshanunua betri mwezi wa nne. Nikamwambia mama shikamoo, hebu zima kila kitu ila injini tupime. Inasoma 12.3 ikiwa inaunguruma. Nikagonga mgongo wa alteneta kidogo kwa mpini wa bisibisi, ikaruka 14. Hapo wala huhitaji kufikiria sana, kaboni zimeisha. Zile kaboni ni vipande viwili vidogo vinavyosukumwa na springi vinagusa ringi za shaba zinazozunguka, vinalika taratibu kila unapoendesha, vikifupika vinagusa mara vinaachia, gari inachaji asubuhi jioni haichaji, shimo moja inachaji shimo la pili imeacha. Tukafungua, tukabadili kaboni, tukasafisha ringi, kaondoka na alteneta yake na betri yake ileile baada ya kuichaji taratibu kwa mashine usiku. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko betri kwa mbali sana. Hapo angepita kwa mtu mwingine angeuziwa alteneta nzima na betri juu.

Na hiyo ya kuichaji kwa mashine msiipuuze. Betri ikifa kabisa, ukabusti kwa betri ya gari nyingine ukaondoka, unailazimisha alteneta ya ampea 70 au 80 ifanye kazi ya chaja ukiwa umewasha AC na muziki. Inapata moto sana, na kama ilikuwa imeshachoka unaimaliza njiani.

Dayodi nayo ina ujanja wake. Ndani ya alteneta kuna dayodi, sita kwa kawaida, zinageuza umeme uwe wa kwenda upande mmoja. Moja ikikatika nguvu ya alteneta kuchaji inapungua, redio inaanza kupiga mluzi unaopanda na kushuka kadri unavyokanyaga mafuta, na ukiweka tester kwenye volti za AC (umeme wa kwenda na kurudi, sio kiyoyozi) pale kwenye betri gari ikiwa imewaka unapata zaidi ya nusu volti wakati ilitakiwa iwe karibu na sifuri. Ikishoti badala ya kukatika ndo mbaya zaidi, inaweza kunyonya betri usiku gari ikiwa imezimwa, asubuhi betri haina kitu, mchana inaweza kuonekana inachaji tu, fundi anapima 14 anasema iko poa! Hawa ndo wanaonunua betri mbili kwa mwaka. Asubuhi kabla hujawasha weka mkono kwenye alteneta, kama ina joto wakati injini nzima ya baridi, mwizi umempata. Nashuku kabisa msomaji wenu ni huyu.

Kabla hata ya kufungua alteneta, angalia vitu vya bure kwanza. Mkanda ukilegea unapiga kelele asubuhi au mvua ikinyesha, ukiwasha taa kelele inaongezeka, hapo alteneta haina kosa, kaza mkanda au badilisha kama umepasukapasuka. Vichwa vya betri vyenye unga mweupe, mimina maji ya moto, sugua, kaza. Waya wa athi, ule unaorudisha umeme kutoka kwenye injini kwenda bodi, huu unasahaulika sana hasa gari ikishatolewa injini ikarudishwa. Na kwenye Toyota nyingi za zamani kuna fyuzi ndogo inayolisha regyuleta, ikikatika hiyo tu alteneta nzima kabisa inakaa kimya haichaji, mtu anaingia mfukoni ananunua nyingine na hiyo nayo haichaji wanaanza kulaumu muuza spea.

Taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi ukifungua swichi inatakiwa iwake, ukiwasha gari izime. Kama haiwaki kabisa ukifungua swichi usishukuru Mungu, huenda taa imeungua au kuna mtu kaitoa, na hilo la kuitoa lipo sana kwenye gari zinazouzwa mkononi, kwa hiyo ukienda kununua gari ya mtu hilo ndo jambo la kwanza kutazama.

Taa hiyo ikiwaka ukiwa barabarani, kabla ya chochote tazama mshale wa joto. Magari mengi mkanda unaozungusha alteneta ndo huohuo unazungusha pampu ya maji, ukikatika vyote vimesimama, simama hapohapo usiue injini kwa ajili ya kilomita mbili. Kama joto liko sawa basi zima AC, redio, chomoa chaja ya simu, usizime gari mpaka ufike kwa fundi. Mchana betri nzima inaweza kukuvusha mbali kidogo. Usiku ni hesabu nyingine, taa mbili za mbele za wati 55 peke yake ni kama ampea 9, weka injini na pampu ya mafuta, weka wipa kama kuna mvua, betri ya ampea-saa 45 inaweza isifike masaa mawili, na kabla haijaisha taa zinakuwa njano huoni hata pikipiki iliyo mbele. Usitoke Chalinze usiku na taa hiyo inawaka ukasema utafika.

Kinachoziua hizi alteneta kwetu mara nyingi ni vitu vya kuzuilika. Oili inayovuja kutoka kwenye kava ya juu au maji ya usukani yakidondokea alteneta yanaingia kwenye kaboni, yanafanya matope meusi. Kuosha injini kwa mashine ya presha, vijana wa kuosha magari wanalenga palepale, wafunikie na mfuko. Watu wa Dar wanaovuka maji pale Jangwani mvua zikizidi, alteneta nyingi zimefungwa chini, inakunywa maji na mchanga, wiki mbili beringi inaanza kulia. Na nyie vijana wa Noah mliofunga spika za disko na taa za LED mbele nyuma ubavuni, hiyo alteneta haikutengenezwa kwa ajili ya harusi.

Ikishindikana kutengeneza, manake koili ikiungua na mimi nakwambia ukweli kusuka upya hakudumu sana siku hizi waya wenyewe unajua, nunua used. Gerezani Kariakoo zipo nyingi, ila nenda na ya kwako mkononi. Linganisha pini za soketi, mbili au tatu, linganisha mifereji ya puli na matundu ya bolti, soma ampea kwenye kibandiko isiwe chini ya ile ya kwako. Izungushe kwa mkono karibu na sikio, ikikwaruza irudishe mezani. Alafu akupimie hapohapo kwenye mashine ukiona namba kwa macho yako, na kwenye risiti aandike kwa peni kwamba isipochaji unairudisha, na tarehe, na sahihi yake, asipotaka kuandika nenda duka la pili.

Fundi umeme wa magari,
Morogoro