Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, asalamu aleikumu, na Bwana asifiwe.

Shughuli za kawaida mnazijua: futari, sherehe ya Desemba, misiba 3 tuliyochangia, darasa la Kiswahili la watoto kila Jumamosi. Mapato dola 4,310, matumizi dola 3,985. Mchanganuo anao mweka hazina.

Nieleze suala la fedha za nyama choma ya pikiniki yetu, maana limesemwa sana kwenye kundi la WhatsApp na jina langu likatajwa. Ni kweli, mimi ndiye niliyependekeza dola 600 za pikiniki zigharimie jioni ya kumzungumzia Jaji Alan Page. Kamati iliridhia kwa kura 5 dhidi ya 2. Mnauliza: huyu anatuhusu nini?

Tunaishi Minnesota, hapa Marekani, na watoto wetu wanakulia hapa. Wengi tunamjua kwa mpira wa Kimarekani tu: alichezea Vikings, timu ya jimbo letu, tangu 1967, na mwaka 1971 akawa mchezaji wa kwanza wa safu ya ulinzi kutangazwa mchezaji bora wa ligi nzima. Lakini huyu alisomea sheria Chuo Kikuu cha Minnesota huku akicheza, akahitimu 1978. Akawa wakili Minneapolis, kisha akaingia ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Mwaka 1992 alitaka kugombea ujaji, kumbe gavana amemwongezea muda jaji aliyekuwa kwenye kiti, hivyo uchaguzi usingekuwapo. Page alifungua kesi dhidi ya gavana, akashinda, akagombea, wananchi wakamchagua. Ndivyo Mahakama ya Juu ya Minnesota ilivyopata jaji wake wa kwanza Mweusi. Alihudumu hadi 2015, alipotimiza miaka 70, umri wa majaji wa jimbo kustaafu.

Jambo lililonigusa zaidi ni mfuko wa elimu alioanzisha na mkewe Diane mwaka 1988. Kijana anayepewa fedha za chuo hutakiwa naye akawasaidie watoto wadogo masomo. Sisi tunachangiana misiba vizuri sana. Kwa nini tushindwe hili?

Ukumbi niliutafuta mwenyewe na viti nikavipanga na mke wangu. Walikuja watu 17, watoto 6 wakiwamo. Binti wa darasa la 9 aliuliza inawezekanaje mtu amshtaki gavana halafu achaguliwe kuwa jaji. Tulijadili swali hilo karibu nusu saa. Kwangu mimi, dola 600 hazikupotea.

Wanaosema hawakushirikishwa hawakuwapo mkutano wa Aprili jambo hili lilipojadiliwa. Daftari la mahudhurio lipo. Na ada: wanachama 92, waliolipa 38. Baadhi ya wanaonidai maelezo wanadaiwa na chama ada za miaka 2. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu nakipenda chama hiki.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatumaini kuwakutanisha wanafunzi wetu wa vyuo na wadogo zao, kwa utaratibu tutakaoupanga. Pikiniki nayo itarudi ada zikilipwa.