Kwenu Mnaokaa Kando ya Kitanda cha Mgonjwa wa Saratani ya Matiti

Wanangu,

Nawaandikia ninyi ambao hamuumwi. Mgonjwa ana mengi ya kubeba na simwongezei barua. Maneno haya yanawahusu ndugu zake, marafiki zake, waumini wenzake na majirani zake, yaani sisi sote tunaobisha hodi kwake siku mbili baada ya habari kuenea, tukiwa na chupa mkononi, karatasi ya maelekezo mfukoni na simulizi ya mtu fulani aliyepona kabisa bila kuguswa na daktari. Nilikuwa muuguzi mpaka nilipostaafu, na wengi wenu nimewalea, kwa hiyo mkiona nimekuwa mkali mtajua ukali huo umetoka wapi.

Mwaka jana tulimzika mwanamke wa miaka 44. Nilikuwa naye siku aliyosomewa majibu ya kinyama kilichochukuliwa kwenye titi lake. Uvimbe haukuzidi sentimita 2, tezi za kwapani zilikuwa salama, na daktari alimweleza kwa upole kwamba ugonjwa umekamatwa mapema, kwamba angefanyiwa upasuaji, kisha kemotherapi, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, na mionzi, na mwishowe angemeza vidonge vya kuzuia homoni kwa miaka kadhaa, na kwamba wanawake wengi wanaotibiwa katika hatua hiyo huishi miaka mingi baada yake. Alitoka mle chumbani akitetemeka, lakini alitoka na tarehe ya upasuaji. Tarehe hiyo ilimkuta nyumbani akinywa juisi. Alikuwa amekatazwa nyama, mayai, maziwa, wanga na kila kilichopita jikoni, kwa sababu mmoja wenu alimwambia kwamba saratani hula sukari, na ukiinyima chakula itakufa njaa. Mwingine alimwambia kwamba uvimbe ukiguswa na kisu husambaa. Wa tatu alimletea unga wa mizizi usio na jina wala kipimo. Miezi 9 baadaye alirudi hospitali uvimbe ukiwa umepasua ngozi, na maumivu ya mgongo hayampi usingizi kwa kuwa ugonjwa ulikwisha kuingia kwenye mifupa. Siku ya mazishi niliwasikia waliomshauri wakisema kwamba hospitali ilimshindwa. Nilinyamaza kwa ajili ya watoto wake. Sasa sinyamazi tena, maana wiki iliyopita mwanamke mwingine miongoni mwetu amepewa majibu kama yale, na chupa zimeanza kufika.

Nianze na hiyo sukari, kwa kuwa ndiyo iliyomkondesha marehemu. Katika miaka ya 1920 Otto Warburg, mwanasayansi wa Ujerumani aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1931, aligundua kwamba seli za saratani hutumia glukosi, yaani sukari ya damu, kwa wingi kuliko seli za kawaida. Hilo ni kweli, na hata kipimo cha PET, kile cha kupiga picha za ndani ya mwili, hutegemea jambo hilo hilo ili kuonyesha mahali ugonjwa ulipojificha. Kosa ni hatua inayofuata, pale mtu anapodhani kwamba akiacha sukari basi uvimbe umekosa chakula. Ubongo wake, moyo wake na misuli yake vyote hutumia glukosi, na asipoila ini huitengeneza kutokana na protini, hata ikibidi kuivunja misuli yake mwenyewe. Uvimbe utapata sehemu yake. Atakayekufa njaa ni mwenye mwili, na anayefika kwenye kemotherapi akiwa amekonda na kuishiwa nguvu huishia kupunguziwa dozi au kuahirishiwa tiba. Kupunguza vinywaji vitamu ni ushauri mzuri, lakini sababu yake ni nyingine. Unene huongeza hatari ya saratani ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi, kwa kuwa mafuta ya mwili hutengeneza estrojeni, homoni ya kike, na estrojeni ndiyo inayozilisha nyingi kati ya saratani hizi.

Kuna pia wanaouza maji na vyakula vya kuondoa asidi mwilini. Kiwango cha pH cha damu, yaani kipimo cha asidi yake, hulindwa na mapafu na figo kati ya 7.35 na 7.45 usiku na mchana, na hakuna mlo wala maji ya chupa yanayokihamisha. Kinachobadilika ni mkojo tu. Wengine huleta kokwa za tunda la aprikoti, wakiziita vitamini. Dawa ya laetrili iliyotokana na kokwa hizo ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 178 chini ya uangalizi wa hospitali ya Mayo Clinic, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1982 yalionyesha kwamba haikumponya yeyote wala haikuzuia uvimbe kukua, ilhali baadhi ya wagonjwa walikuwa na sumu ya sianidi katika damu yao iliyokaribia kiwango cha kudhuru. Aliyeleta kokwa hizo safari hii ananijua, nami namjua, na naamini alizileta kwa upendo. Upendo wake hauiondoi sianidi.

Msidhani nawadharau waganga wa mimea, wala msikubali kuambiwa kwamba madaktari huichukia miti. Paklitakseli, dawa inayowatibu wanawake wengi wenye ugonjwa huu, ilipatikana kwenye gamba la mti uitwao Taxus brevifolia. Tofauti yake na ule unga wa mizizi ni kwamba watu walikaa miaka mingi wakitenga kile kitu kimoja ndani ya gamba kinachofanya kazi, wakapima kiasi kinachoua uvimbe na kiasi kinachomuua mgonjwa, wakaandika yote mawili, kisha wakakubali kuhojiwa na wenzao. Mwenye unga anayekataa kuhojiwa anataka aaminiwe kwa uhai wa mtu mwingine. Isitoshe, mimea ina nguvu, na nguvu hiyo hugongana na dawa. Mmea wa Hypericum, ambao wengi huutumia kwa ajili ya huzuni, hulisukuma ini kuziondoa dawa kadhaa mwilini kabla hazijamaliza kazi, na tunda la balungi hufanya kinyume chake, likaziacha nyingine zirundikane. Vidonge vya vitamini vyenye dozi kubwa navyo visimezwe wakati wa kemotherapi au mionzi bila daktari kujua.

Hofu ya kisu nayo imeua wengi. Kuchukua kinyama kwa sindano au kuuondoa uvimbe hakuigeuzi saratani iliyotulia kuwa yenye kusambaa. Watu huona mtu amefanyiwa upasuaji na baadaye amekufa, wakasema ni kisu, bila kuuliza alikaa na uvimbe huo miezi mingapi kabla ya kukubali kisu hicho.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha utafiti juu ya wagonjwa 281 ambao saratani yao ilikuwa haijasambaa mbali, nao wakachagua tiba mbadala peke yake. Walilinganishwa na wenzao waliotibiwa hospitali, na kwa upande wa saratani ya matiti hatari ya kufa kwa waliochagua tiba mbadala ilikuwa zaidi ya mara 5 ya ile ya wenzao. Mwaka huo huo watafiti hao walichapisha kazi nyingine juu ya watu waliokubali angalau sehemu ya tiba ya hospitali huku wakitumia tiba za pembeni. Hatari ya kufa kwao ilikuwa takriban mara 2 ya ile ya wasiotumia tiba za pembeni, na sababu kubwa ilikuwa kwamba walikuwa wepesi zaidi kukataa kipande fulani cha tiba waliyoandikiwa, huyu upasuaji, yule kemotherapi, mwingine mionzi au vidonge vya kuzuia homoni. Someni tena hapo. Kikombe cha majani kilichonywewa jioni si lazima kiwe ndicho kilichodhuru. Mara nyingi kilichodhuru ni ile miadi ambayo kikombe hicho kilimpa mgonjwa ujasiri wa kuikosa.

Basi wekeni mpaka katika fahamu zenu. Tiba mbadala huja kukaa kwenye kiti cha daktari. Tiba ya kusindikiza hukaa pembeni, humsaidia mgonjwa kuivumilia safari, na daktari anajua ipo. Hiyo ya pili naipenda na nimeona matunda yake. Tafakuri, muziki, yoga na kuchuliwa mwili kwa upole hupunguza wasiwasi na huzuni. Akupancha, yaani kuchomwa sindano nyembamba, na kubonyeza sehemu maalumu za mwili vinaweza kuongezwa kwenye dawa za kichefuchefu. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kiliidhinisha mwongozo unaokubali njia kadhaa za namna hii kwa wagonjwa wa saratani ya matiti, na mwongozo huo haukuona ushahidi wenye nguvu wa kuunga mkono kirutubisho chochote cha kumeza kuwa tiba ya madhara yanayoletwa na matibabu. Anayemchua aambiwe upande uliopasuliwa na mkono wa upande ulioondolewa tezi za kwapani, asiukandamize, kwa kuwa unaweza kuvimba. Na kama kuna kitu kimoja ningekiweka juu ya vyote ni kutembea. Uchovu wa kemotherapi haufanani na uchovu wa kazi, na kulala mchana kutwa huuzidisha. Mgonjwa anayetembea kidogo kila siku, kwa kadiri ya nguvu zake, huuvumilia vizuri zaidi. Mnaotafuta la kumfanyia, acheni chupa nyumbani, njooni mtembee naye.

Kuhusu chakula nitasema machache, maana ni machache yanayohitajika. Wakati wa tiba anahitaji protini ya kutosha, kutoka kwa wanyama au kunde. Ale kidogo kidogo mara nyingi ikiwa ana kichefuchefu, na vyakula laini visivyo vikali ikiwa kinywa kina vidonda. Siku ambazo chembe nyeupe za damu zimeshuka, nyama na mayai viive kabisa, maziwa yawe yamechemshwa, na matunda yaoshwe vizuri, na hapo ndipo juisi mbichi za kuachwa mezani zinapoweza kumletea maambukizi ya kumlaza. Soya ya chakula cha kawaida haimdhuru. Utafiti uliofanywa China kwa wanawake zaidi ya 5,000 waliowahi kuugua, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta kwamba waliokula soya zaidi walirudiwa na ugonjwa kwa uchache. Pombe ni kisababishi kilichothibitishwa, na hatari huanza hata kwa kiasi kidogo. Kunyonyesha humlinda mama, na kadiri anavyonyonyesha kwa muda mrefu ndivyo ulinzi unavyoongezeka, ila hakumpi kinga kamili. Nimesikia watu wakimwuliza huyu dada yetu alikula nini hata akapata ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba takriban nusu ya saratani za matiti huwapata wanawake wasio na sababu yoyote inayojulikana zaidi ya kuwa wanawake na kufikisha umri. Msimbebeshe hatia juu ya uvimbe.

Nina neno pia kwa wanaojiita wahamasishaji. Kila Oktoba tunavaa utepe wa waridi, alama ya kampeni dhidi ya ugonjwa huu ambayo imekuwa ikivaliwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, tunapiga picha na kugawa fulana. Kisha Novemba mwanamke anahisi kigumu kwenye titi na hajui aende kwa nani, na akienda anazungushwa kutoka dirisha moja hadi jingine. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa alipofika mara ya kwanza. Uhamasishaji wa kweli ungesimama mlangoni mwa hospitali na kuhesabu siku hizo. Mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa na ugonjwa huu duniani na 670,000 walikufa kwa ajili yake. Utepe peke yake haujamshika hata mmoja wao mkono. Na kwa wenzangu wa kada ya afya, nisikieni bila kununa. Mgonjwa huwaendea wauza chupa kwa sababu muuza chupa humkaribisha, humketisha na kumsikiliza saa nzima, hali sisi tulimsomea majibu kwa dakika tano tukiwa tumesimama. Nami nimefanya hivyo, si mara moja, na yule marehemu nilimwacha aende nyumbani bila kumwuliza ni nani anayemsubiri huko na atamwambia nini.

Dalili mzijue wote, wake kwa waume, maana wanaume nao huugua, ingawa ni wachache. Uvimbe kwenye titi au kwapani, hata usiouma, na wa mwanzo mara nyingi hauumi. Ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa. Chuchu iliyoingia ndani ghafla, inayotoa damu, au yenye ukurutu usiopona. Wekundu au mabadiliko ya umbo. Vivimbe vingi si saratani, lakini anayejua hilo ni aliyepimwa.

Dada yetu atapasuliwa wiki ijayo. Namhitaji mmoja wenu akae naye daktari anapozungumza na kuandika kila linalosemwa, kwa kuwa mtu mwenye hofu husikia neno la kwanza tu. Namhitaji mwingine wa kubaki na watoto siku za kemotherapi. Chupa na pakiti zilizokwisha kufika ni 7, nimeziweka zote kwenye mfuko mmoja bila kutupa hata moja, na Jumatatu asubuhi nitazipeleka kwa mfamasia wa wodi azichunguze moja baada ya nyingine. Mwenye chupa yake aje tukae naye kwenye benchi pale nje, asikie mwenyewe atakachoambiwa.

Mama yenu, muuguzi mstaafu.