Barua kwa Mwanangu Aliyepangwa Beki

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma kwa makini. Unasema kuwa mwalimu wa michezo amekutoa mbele, ulikozoea kufunga mabao, akakupanga beki wa kati, na kwamba wenzako wanaona umeshushwa cheo. Unaniomba nimpigie simu nimsihi akurudishe. Hilo sitalifanya. Badala yake nataka nikusimulie habari za Carles Puyol, beki wa Hispania aliyetumia maisha yake yote ya soka la kulipwa katika klabu moja tu, Barcelona. Alipotundika daluga mwaka 2014 ulikuwa mdogo mno kumjua, na majina yote unayoyataja katika barua zako ni ya wafungaji.

Puyol alizaliwa tarehe 13 Aprili 1978 katika mji mdogo wa La Pobla de Segur, mkoani Lleida, upande wa kaskazini wa Katalunya kuelekea milima ya Pirenei. Utotoni alikuwa kipa, hadi maumivu ya bega yalipomtoa golini, naye akageuka kuwa mshambuliaji kama wewe. Wazazi wake hawakuwa na hakika kwamba soka ni kazi ya kutegemewa, wakamhimiza ashike masomo. Katika hilo nawaelewa kabisa. Alipofika La Masia, kituo cha Barcelona cha kulea wachezaji vijana, mwaka 1995, alikuwa na miaka 17, ilhali Xavi, aliye mdogo kwake kwa karibu miaka miwili, alikuwa ameingia pale tangu akiwa na miaka 11. Walimu wakamweka kiungo mkabaji. Alipopanda kikosi cha pili wakamhamishia beki wa kulia. Nafasi ya beki wa kati, ambayo ndiyo dunia inamkumbukia, aliipata baadaye, akiwa tayari mchezaji wa timu kubwa. Kila alipohamishwa alikwenda alikoambiwa aende, akajifunza kazi ya pale upya.

Mwaka 1998 klabu ilikuwa radhi kumuuza Málaga. Yeye akakataa kuondoka kabla hajapewa nafasi ya kujaribiwa, na tarehe 2 Oktoba 1999 kocha Louis van Gaal akampanga kwa mara ya kwanza katika ligi, ugenini kwa Valladolid, mechi ambayo Barcelona ilishinda 2–0.

Ipo mechi moja ya siku zile za mwanzo ambayo ningependa uitafakari. Tarehe 21 Oktoba 2000, Luís Figo alirudi Camp Nou, uwanja wa Barcelona, akiwa amevaa jezi ya Real Madrid. Miezi michache tu kabla ya hapo alikuwa kipenzi cha uwanja uleule, na kuhama kwake kwenda kwa mahasimu kuliwauma mashabiki kiasi kwamba kila alipogusa mpira kelele za hasira zilijaa uwanjani. Puyol, kijana wa miaka 22, alipewa kazi moja: amkabe Figo popote aendapo. Hakufunga, hakutoa pasi ya bao. Mabao yote mawili ya ushindi wa 2–0 yalifungwa na Luis Enrique na Simão. Hata hivyo, Figo, ambaye mwaka huo ndiye aliyepewa Mpira wa Dhahabu, tuzo ya mchezaji bora, alitoka pale bila kufanya lolote la kukumbukwa kwa miguu yake, na tangu usiku ule jina la yule beki kijana likaanza kutajwa kwa heshima. Naamini kazi ya beki ndivyo ilivyo: ikifanywa vizuri kabisa, haiachi alama yoyote kwenye ubao wa matokeo.

Usidhani kwamba baada ya hapo mambo yalimnyookea. Tangu alipoanza kuichezea timu kubwa hadi mwaka 2005, Barcelona haikutwaa kombe hata moja, na msimu wa 2002/03 ilimaliza ligi katika nafasi ya sita. Katika msimu huohuo mbaya, kwenye mechi ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Lokomotiv Moscow, kipa alikuwa ameshapitwa na lango lilikuwa wazi, mshambuliaji akapiga, na Puyol akajitupa mbele ya mpira akauzuia kwa kifua chake, mahali palipo na nembo ya klabu. Mashabiki wa Barcelona wanalikumbuka tukio hilo kuliko mabao mengi ya miaka ile. Katika timu ya taifa pia alikula hasara kwa muda mrefu. Mwaka 2000 alikuwamo katika kikosi cha Olimpiki kilichofungwa na Kameruni kwa mikwaju ya penalti katika fainali ya Sydney. Mwaka 2002 Hispania ilitolewa na Korea Kusini, tena kwa penalti. Mwaka 2004 haikuvuka hatua ya makundi katika mashindano ya Ulaya. Mwaka 2006 Ufaransa ikaifunga 3–1.

Mwaka 2004, Luis Enrique alipostaafu, Puyol akavishwa kitambaa cha unahodha, na hakukivua hadi alipoondoka miaka kumi baadaye. Chini ya kocha Frank Rijkaard timu ilichukua ubingwa wa ligi mara mbili mfululizo, na Mei 2006 akalinyanyua Kombe la Mabingwa wa Ulaya mjini Paris baada ya kuifunga Arsenal 2–1. Novemba ya mwaka huohuo baba yake alifariki kwa ajali akiwa kazini, na habari hiyo ilimfikia akiwa safarini na timu. Sisi wazazi tukisoma jambo kama hilo hutuchukua muda kuendelea na ukurasa unaofuata, kwa hiyo nivumilie nikilitaja. Mtu yule alizika baba, akarudi kuwaongoza wenzake.

Kisha ukaja wakati wa kocha Pep Guardiola, kuanzia 2008, na hapa sitakaa sana kwa sababu makombe ya miaka ile unayajua kutokana na Messi. Nakuongezea mawili tu. Tarehe 2 Mei 2009, Barcelona ilipoifunga Real Madrid mabao 6–2 kwenye uwanja wa Bernabéu, bao la pili la Barcelona lilikuwa kichwa cha Puyol kutokana na mpira wa adhabu uliopigwa na Xavi. Na katika fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Roma mwezi huohuo, kwa kuwa Dani Alves alikuwa amefungiwa, nahodha alirudishwa beki wa kulia, nafasi ya ujana wake, akaicheza dhidi ya Manchester United bila kulalamika, na timu ikashinda 2–0.

Sasa nakuja kwenye Kombe la Dunia la mwaka 2010, lililochezwa katika bara letu, Afrika Kusini. Hispania ilianza kwa kufungwa na Uswisi 1–0. Baada ya hapo iliruhusu bao moja tu, la Chile, hadi mashindano yalipokwisha. Katika hatua ya mtoano ilishinda mechi zote nne kwa 1–0: Ureno, Paraguai, Ujerumani, Uholanzi. Tafakari maana ya hesabu hiyo kwa mabeki: kosa moja katika yoyote kati ya mechi hizo lingetosha kuwanyima ushindi. Ujerumani iliyofika nusu fainali ilikuwa imeifunga Uingereza 4–1 na Argentina 4–0. Mjini Durban, tarehe 7 Julai, Puyol na Gerard Piqué hawakuipa nafasi ya kupumua. Dakika ya 73 Hispania ilipata kona upande wa kushoto. Xavi alipoipiga, Puyol, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, alikuja mbio kutoka nje ya boksi, akaruka juu kupita kila mtu, Piqué akiwamo, akaupiga mpira kwa kichwa kwa nguvu ambayo kipa Manuel Neuer hakuweza kuizuia. Mtu huyo ana urefu wa mita 1.78 tu. Katika mechi mia moja alizoichezea Hispania alifunga mabao matatu, na moja kati ya hayo ndilo lililoipeleka nchi yake fainali kwa mara ya kwanza katika historia.

Katika fainali yenyewe, Arjen Robben wa Uholanzi alimpita kwa kasi. Puyol alijaribu kumng'ang'ania, akashindwa, na kipa Iker Casillas ndiye aliyewaokoa kwa kuuwahi mpira miguuni. Nakuandikia hilo pia ili usidhani kwamba beki kisiki hapitwi. Bao la Hispania alilifunga Andrés Iniesta dakika ya 116.

Jambo ninalolipenda zaidi katika maisha yake ya soka halikuhitaji hata mpira. Machi 2011, beki mwenzake Éric Abidal alifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye ini. Miezi miwili baadaye Abidal alicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Wembley dhidi ya Manchester United, na Puyol, aliyetoka kuuguza jeraha, akaingia dakika za mwisho tu. Ulipofika wakati wa kupokea kombe, nahodha alimvisha Abidal kitambaa chake, akamwachia alinyanyue yeye kwanza. Mwaka uliofuata, timu ilipokuwa ikiifunga Rayo Vallecano 7–0, Thiago na Alves walianza kucheza ngoma kushangilia bao. Puyol aliwafuata, akawatenganisha, akawarudisha kucheza mpira, kwa kuwa hakutaka wapinzani waliokwisha kuumia wadhihakiwe.

Mwili wake haukustahimili. Goti la kulia lilimnyima Euro ya 2012, ambayo wenzake waliichukua bila yeye, na Oktoba mwaka huo kiwiko chake kiliteguka vibaya kule Lisbon. Mechi yake ya mia kwa Hispania, Februari 2013, ndiyo ikawa ya mwisho, na Machi 2014 akatangaza kwamba angeondoka msimu utakapokwisha, baada ya mechi 593 za Barcelona, akiwa na ubingwa wa ligi mara sita.

Nimemwomba kaka yako akuwekee mechi ile ya Durban kwenye simu, nzima, si mabao peke yake. Jumapili, ukimaliza kufua, iangalie tangu dakika ya kwanza hadi ya 72, na macho yako uyaweke kwa Puyol hata mpira ukiwa mbali naye: anasimama wapi, anageuza shingo mara ngapi, anamwambia nini Piqué, anatoka lini na anabaki lini. Kisha uniandikie ulichokiona, na unieleze kama mwalimu amekuweka upande wa kushoto au wa kulia wa beki mwenzako.

Akupendaye,
Mama yako