Shoga angu, vitabu vya Maalim visiuzwe kwa kilo

Shoga angu wa moyo, asalaam alaykum. Natumai huko Maskati mu wazima nyote na joto halijakumalizeni. Huku alhamdulillah, bi mkubwa magoti yanamsumbua lakini anatembea, na Zuwena kazaa mtoto wa kike. Salamu zishakwisha, sasa nisikilize, mana nikikutumia voisi najua utasikiliza nusu tu.

Ile nyumba yenu ya Kiponda, huku Mjini Unguja, wanaihama. Kakako kashakubaliana na watu wa hoteli, mafundi wanaingia baada ya Ijumaa, hilo ni lenu wenyewe mie sisemi kitu. Linalonikosesha usingizi ni vitabu vya babako, Maalim wetu. Nimepita pale nimekuta vishashushwa chini ukumbini, maboksi juu ya maboksi, na yupo mtu kaja na mizani, ananunua karatasi kwa kilo akawauzie wauza njugu wafungie. Wallahi miguu iliniisha nguvu. Nikamwambia kakako subiri kwanza niseme na nduguyo, akanipa mpaka Alkhamisi. Si mtu mbaya kakako, yeye anachoona ni makaratasi yaliyoliwa na mchwa, na kweli mengine yameliwa. Lakini mna nini ndani hajui. Na weye pia labda hujui, mana umeondoka mdogo.

Nilifungua boksi la juu tu. Nikatoa Kuli, ile ya zamani kabisa ya 1979. Unakumbuka, ile ya Shafi Adam Shafi, Rashidi na wenziwe bandarini mpaka mgomo wa makuli wa 1948. Basi kurasa za mgomo zote zina penseli ya Maalim, na pahala pamoja kaandika pembeni "baba alikuwepo". Hayo tu. Mie Maalim kanisomesha tangu alifu kwa kijiti na hajapata hata siku moja kututajia kama babu yenu aligoma. Alitupa kitabu tusome akanyamaza. Weye alikwambia? Mana kama hakukwambia na weye basi ile penseli ndo mahala pekee palipobakia.

Na kuna jambo jengine nililitambua nikiwa nimekaa pale chini. Maalim hakuwa akipanga vitabu kwa jina la mwandishi wala kwa lugha, alikuwa akiviweka vinavyosemezana. Kuli kaiweka pamoja na Walter Rodney, kile cha 1972 alichokiandika akisomesha Chuo Kikuu Dar, kinachoeleza Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Mmoja anakupa bei za mazao na nani kala faida, mwengine anakupa mgongo wa mchukuzi. Halafu Haini, riwaya nyengine ya Shafi, kaiweka ubavuni mwa kile cha Mzee Jumbe cha Kiingereza, The Partner-ship, cha 1994, kuhusu Muungano. Hapo nikasita. Mzee Karume kauawa Aprili 7, 1972 Kisiwandui, Jumbe akashika urais wa Zanzibar mpaka 1984 alipojiuzulu. Na Haini ni habari ya hao waliokamatwa baada ya mauaji, Hamza anatiwa ndani anateswa aseme, na Shafi mwenyewe aliwahi kuwekwa ndani miaka hiyo. Sasa fikiri, aliyekaa kwenye kiti na aliyekaa kwenye selo, miaka ile ile, kila mmoja na kitabu chake, na Maalim kavibananisha. Ukisoma kimoja bila ya chengine umesikia upande mmoja. Vikiuzwa kwa kilo hata kama baadae utavipata vyote viwili dukani, ule mpango wake hutoupata tena.

Mume wa Zuwena akanambia riwaya ni riwaya tu, ukitaka kujua siasa soma historia. Nimebishana nae mpaka chai ikapoa. Historia ataisoma na nzuri, lakini nani kaandika humo yule mtu anaefungua mlango, anaepika, anaefua? Chukua Kasri ya Mwinyi Fuad, ya huyo huyo Shafi. Kijakazi anafanyishwa kazi na Fuad, anatukanwa, na bado anampenda bwana wake na kumtetea, na mapinduzi yanakuja huku yeye moyo wake bado uko kule kule kwenye kasri. Mara ya mwanzo nilivyosoma nilimkasirikia, nikasema huyu mwanamke vipi. Sasa namuelewa na inaniuma zaidi. Bwana anaekutisha kwa bunduki akiondoka umemaliza nae, huyu aliyekufundisha kumpenda yumo ndani yako.

Na ndo ile ile ya Abdulrazak Gurnah. 2021 alivyopata Nobel sote tulijidai, mtoto wa Unguja huyo, na wangapi tulikuwa tumemsoma? Maalim alikuwa na Paradise siku nyingi, ile ya 1994, sasa ipo kwa Kiswahili inaitwa Peponi. Yule kijana Yusuf babake ana deni, anampeleka kwa tajiri Aziz kuwa rehani, na mtoto anamwita ami, anafikiri kenda kukaa kwa jamaa. Mpaka mwenziwe Khalil anamwambia huyu si ami yako. Nani kati yetu hajaona nyumba yenye mtoto wa shamba anaeitwa "kama wetu" na analala jikoni? Nimeyasema haya kwa wale wasichana wanaokuja kusoma kwangu jioni, wakanyamaza, halafu mmoja akaanza kuhadithia ya kwao, na siku ile hatukumaliza hata ukurasa. Hicho ndo ninachokitaka mie. Siasa wanayoisikia wao ni ya mikutano na ya bendera, wanaona haiwahusu mpaka uchaguzi ufike, na kumbe ipo jikoni kwao. Maalim alijua hili ndo mana hakutuhubiria, alitupa Shamba la Wanyama, ile Animal Farm ya Orwell kwa Kiswahili, tukiwa watoto tukacheka nguruwe, kisha yule farasi alivyouzwa baada ya kufanya kazi mpaka kuvunjika tukalia wote. Hatukusahau.

Kwa hivyo nakuomba, mpigie kakako. Usimuandikie meseji, mpigie. Mwambie vitabu ni amana, mie nitakuja na hamali na mkokoteni wake nivichukue vyote, nauli juu yangu. Chumba cha mbele kwangu kimekauka hakivuji, nitavianika, vilivyoliwa nitavifunga mbali na vyengine, na nitavipanga kama alivyovipanga yeye. Vitabakia kwa jina lake na jina lenu, siku yoyote mkivitaka vipo. Na kama kakako anataka ile pesa ya mizani nitampa, sitaki ugomvi katika nyumba ya Maalim.

Sasa nijibu. Utampigia lini, mana yeye usiku hashiki simu? Kuna boksi lililokwenda kwa shangazi yako Wete, au nimesikia vibaya? Ile orodha Maalim aliyokuwa akiandika nani kaazima nini, daftari la jalada jekundu, nani analo, mana yupo mtu wa Michenzani ana ile riwaya ya Nyota ya Rehema na mie namjua ila sina ushahidi? Ungependa wasichana waandike na wao pembeni kwa penseli, au niwakataze? Mie nataka waandike lakini vitabu ni vya babako. Na ile Vuta N'kuvute uliyoondoka nayo unayo bado? Kaa nayo, sikudai, ila nipigie picha kurasa zenye maandishi. Pale Yasmin anapomkimbia mumewe Bwana Raza, Maalim kaandika nini?