Shukrani kwa mlinzi wa Mji Mkongwe

Mhariri,

Naomba nafasi nimshukuru mzee wetu mmoja aliyestaafu baada ya kuitumikia Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, Zanzibar, karibu tangu ilipoundwa mwaka 1985. Jina silitaji, kwani mwenyewe hapendi kutangazwa. Wakazi wa Malindi na Mkunazini watamjua.

Miaka ile nyumba zilikuwa zikianguka masika hata masika. Yeye alipita uchochoro kwa uchochoro, daftari mkononi, akigonga kuta na kukagua boriti. Kwetu alimkuta baba ameshanunua saruji ya kupigia lipu. Hakumkemea. Alikaa naye barazani, akamweleza kuwa ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Ukiufunika kwa saruji, unyevu hunaswa ndani na ukuta huoza taratibu. Kesho yake akaja na fundi wa chokaa. Ukuta ule umesimama hadi leo.

Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji wetu katika Urithi wa Dunia. Siku chache baada ya sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la kihistoria linalotazamana na bustani ya Forodhani, kuporomoka, Disemba 25, 2020, nilimwona Forodhani amesimama kimya, macho yamelowa.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba hakutaka mji wa kutazamwa tu. Alitaka maduka yafunguliwe, watoto wacheze vichochoroni, na wenye nyumba wabaki majumbani mwao.

Shikamoo, mzee wangu. Ahsante sana.

Mkaazi wa Mji Mkongwe,
Unguja