Jumamosi tunaenda kuangalia sanamu

Habari za jioni wanakikundi, wakubwa shikamooni. Jumamosi saa 1 asubuhi kabla jua halijawa kali tukutane Nyerere Square, pale kwenye sanamu ya Mwalimu, njooni na kofia na maji maana vumbi la Dodoma mnalijua.

Juzi nilipita pale nikakuta mtoto kashika mkono wa bibi yake anauliza huyu babu ni nani, bibi akakaa kabisa akaanza kumsimulia mambo ya 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahamie huku, jamani nikasimama pembeni nasikiliza mpaka nikasahau kama naenda sokoni. Sanamu isingekuwepo yule mtoto angeuliza nini?

Angalieni Dar, ile sanamu ya Askari ya shaba iko pale mjini kati tangu 1927 na watu wanaelekezana njia kwayo, na kabla yake palikuwa na sanamu ya Wissmann, Mjerumani, Waingereza walipouteka mji 1916 wakaing'oa. Yaani anayeshika mji ndo anachagua nani asimamishwe.

Sasa na sisi tuchague sanamu ya kusimamishwa hapa kwetu Dodoma. Mi natamani sana tupate mama wa Kigogo anapiga muheme, ngoma kaibana katikati ya mapaja, mikono iko juu. Kila mtu aje na wazo lake, hata kama kalichora kwenye daftari la mtoto, tuyakusanye tuyapeleke jiji.

Anayekuja aandike jina hapa chini, wa Nkuhungu mchangie bajaji moja.