Udugu wetu na Kuba usiachiwe viongozi peke yao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niongeze jambo moja ambalo waandishi wengi wa habari za uhusiano wa Tanzania na Kuba hulipita. Hutaja ziara ya Fidel Castro hapa nchini Machi 1977, shule za Kibiti na Ruvu zilizojengwa kwa msaada wa Kuba, madaktari wa Kikuba waliohudumu katika hospitali zetu Bara na Visiwani, na kiwanda cha viuadudu vya mbu kilichopo Kibaha, na yote hayo yanastahili kuandikwa. Lakini vijana wetu waliopelekwa kusoma kule hawakurudi na vyeti tu. Wapo waliorudi na wake, na wapo walioacha watoto. Mimi ni zao la uhusiano huo: marehemu baba yangu alikuwa mtu wa Muheza, mama yangu ni mzaliwa wa mji wa Matanzas, na ndoa yao haimo katika mkataba wowote wa serikali. Udugu wa namna hii unakatika kimyakimya tangu wazazi wetu walipoanza kuzeeka, na hakuna balozi atakayeuunga kwa niaba yetu.

Haukukatika kwa sababu ya ubaya wa mtu. Mama alifika Tanga katika miaka ya 1980, barua zikawa zinachukua miezi, na simu ya nje ya nchi ilikuwa anasa. Kisha Umoja wa Kisovyeti ukaanguka, Kuba ikaingia katika ile dhiki ambayo wenyewe huiita Kipindi Maalumu, na ndugu waliokuwa wakihangaikia sabuni na mafuta ya kupikia hawakuwa watu wa kuulizwa lini watakuja Tanga. Hata mwenye nauli hakuweza kuondoka bila kibali cha serikali yake, utaratibu uliofutwa Januari 2013. Kwa hiyo tulikua tukiwajua mama wakubwa na wajomba zetu kwa picha za ukutani, na Kihispania tulikisikia mama anapohesabu fedha au anapokasirika. Kilichotuunganisha tena ni simu ya mkononi, kwani mwishoni mwa 2018 Wakuba waliruhusiwa kutumia intaneti kwenye simu zao, na tangu hapo mama hulala usiku sana akisikiliza sauti alizorekodiwa na dada zake.

Tulipopata uwezo tulimchukua mama pamoja na watoto wetu, tukaruka kupitia Istanbul hadi Havana, kisha tukashika barabara ya pwani kuelekea mashariki hadi Matanzas. Ndugu walikuwa wameshaamua kwamba sehemu ya likizo ile ya Desemba itatumika Varadero, ufuo wa mchanga mweupe wenye urefu wa kilomita zipatazo 20, usio mbali na mji wao. Hapo ndipo palipotokea mabishano ambayo nayaona yana funzo kwa wenzangu. Sisi watoto wa mama tulitaka hoteli, kwa hoja kwamba mzee apumzike na chakula kipo. Mama mkubwa alikataa katakata, na alikuwa na haki. Hadi mwaka 2008 Mkuba wa kawaida hakuruhusiwa kulala katika hoteli za watalii ndani ya nchi yake mwenyewe, na ingawa katazo hilo liliondolewa, bei ya usiku mmoja bado inazidi mshahara wa mwezi mzima wa mwalimu. Mgeni wa hoteli hufungwa bangili ya plastiki mkononi, na asiyekuwa nayo huishia mchangani, nje ya ua. Tungekaa hoteli, wenyeji wetu wangekuja kututembelea kama watu wanaowatembelea wagonjwa wodini, kwa saa maalumu. Tulipanga nyumba ya mtu, biashara ambayo imeruhusiwa kisheria tangu 1997 na ambayo utaitambua kwa alama ya buluu mlangoni. Umeme ulikatika mara kwa mara, lakini sisi tuliokulia kwenye mgawo hatukuhitaji maelezo.

Nimesoma vipeperushi vingi vya utalii vinavyoisifu Varadero, na hakuna hata kimoja kinachoeleza jinsi familia ya Kikuba inavyokwenda pwani. Walifika asubuhi na mapema kwa gari la kukodi la zamani, la Kimarekani, likiwa limeshona watu. Sufuria ya wali uliopikwa pamoja na maharagwe meusi ilikuwa imefungwa kwa taulo ili isipoe, na ndani ya bakuli jingine kulikuwa na muhogo uliochemshwa ukamwagiwa vitunguu saumu vilivyokaangwa pamoja na maji ya danzi. Mke wangu, ambaye ni mtu wa Pangani na hasifu chakula cha watu ovyo, aliomba aandikiwe namna ya kuupika. Ndugu wote waliwashangaa watoto wetu kuingia majini, kwa kuwa kwao Desemba ni baridi na hakuna mwenye akili anayeoga baharini. Wao walikaa kivulini wakicheza domino, ile ya vipande 55 inayochezwa upande wa magharibi wa kisiwa, na mjomba alikuwa akikibamiza kipande mezani kwa kishindo kilichowafanya watoto wakimbie kutoka majini kuona kuna ugomvi gani.

Hapo watoto wangu walimwona bibi yao kwa namna ambayo Tanga wasingemwona kamwe. Huku kwetu yeye ndiye mkubwa wa nyumba, mtu wa maneno machache, anayesikilizwa na ukoo mzima wa baba. Kule ni kitindamimba. Mama mkubwa, ambaye umri wake umeshapita miaka themanini, alimwagiza kahawa, akamkaripia kwa kukaa juani bila kofia, akamsimulia mbele ya wajukuu makosa yake ya utotoni, naye mama alicheka na kubisha kwa Kihispania cha kasi ambacho sisi wanawe hatukuweza kukifuata. Binti yangu aliniuliza kwa nini bibi hakutufundisha kuzungumza hivyo. Nadhani ni kwa sababu alitaka tuwe watoto wa Muheza tusiochekwa mtaani, na alifanikiwa kupita kiasi.

Ufuo ule una historia nyingine, ambayo wazee waliisimulia bila kuulizwa. Ni kutoka uwanja wa ndege wa Varadero, kati ya 1965 na 1973, zilikoruka ndege zilizowapeleka Miami Wakuba zaidi ya laki mbili na nusu waliochagua kuondoka, miongoni mwao wakiwa ndugu wa bibi yangu mzaa mama. Binamu mmoja wa upande huo, aliyezaliwa Florida, alijiunga nasi pale pwani. Kuna wakati, kuanzia 2004, sheria za Marekani zilimruhusu mtu kama yeye kuwatembelea ndugu wa karibu tu, tena mara moja kila miaka mitatu, hadi masharti hayo yalipoondolewa 2009. Siasa haikutajwa mezani. Ilizungukwa tu, kama wanavyofanya watu waliokwisha kuichosha.

Kwa wasomaji wanaodhani kwamba urithi wa Kikuba kwetu unaanza na vijana wa masomo, napenda kuongeza kwamba tulitoka pwani siku moja kwenda kuiona ngome ya San Severino mjini Matanzas, ambayo sasa ina makumbusho ya njia ya watumwa. Mkoa ule ulijaa mashamba ya miwa, na utumwa haukufutwa Kuba hadi 1886. Biashara ya kuvusha watu ilikuwa imepigwa marufuku kwa mkataba tangu 1820, lakini iliendelea kwa magendo kwa miongo kadhaa, na baadhi ya merikebu hizo zilipakia watu katika bandari za Msumbiji. Ndiyo maana katika kumbukumbu za Kuba, pamoja na Wayoruba na Wakongo, wanatajwa pia Wamakua, watu ambao ndugu zao wako Masasi hadi leo. Mama mkubwa anasema bibi wa bibi yake aliitwa Mmakua. Hana karatasi ya kulithibitisha hilo, nami sitalidai hapa kuwa ni hakika, ila nilimwona kijana wangu akirudi kulisoma jina hilo ukutani, yeye ambaye makumbusho yoyote huyamaliza kwa mwendo wa kukimbia. Katika mkoa huohuo ndipo lilipokuwa shamba la Triunvirato, ambako watumwa waliasi mwaka 1843 wakiongozwa, miongoni mwa wengine, na mwanamke aliyeitwa Carlota. Serikali ya Kuba ilipopeleka majeshi Angola mwaka 1975, operesheni hiyo ilipewa jina lake.

Kwa familia nyingine zenye damu kama yetu, na najua zipo Dar es Salaam, Unguja na kwingineko, ushauri wangu ni mfupi. Nendeni na wazee wangali na nguvu ya kupanda ndege, na watoto waanzishiwe Kihispania kabla ya safari, kwa sababu wetu waliishia kucheka na binamu zao bila kuelewana. Bebeni dawa za kawaida, za maumivu, za presha na za watoto, ambazo zimeadimika sana kule. Bebeni pia kahawa, maana ile ya mgao wa serikali huchanganywa na njegere kavu zilizokaangwa, na pakiti za kahawa ya Bukoba tulizopeleka zilipokewa kwa heshima kuliko nguo zote tulizonunua.

Kwa ubalozi wetu ulioko Havana nina ombi moja. Novemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda huko kwa ziara ya kiserikali, na Kiswahili kikafanyiwa kongamano mjini humo. Ni jambo jema, lakini sikusikia mahali popote ambapo familia zilizochanganya damu zilitajwa au kuhesabiwa. Iwekwe orodha, kwa hiari ya wahusika, ya Wakuba wenye watoto au wajukuu Watanzania, na ya Watanzania wanaotafuta baba, mama au ndugu waliobaki kule, ili anayeuliza apate pa kuanzia. Wapo watu wazima Kuba wanaojua tu kwamba baba yao alikuwa mwanafunzi kutoka Tanzania, na wapo ndugu zao hapa ambao hawajui hata kwamba watu hao wapo.

Msomaji wako,
Tanga